Ufumwele na Kighairi: Istilahi za Tabaka la Chini la Kompyuta kwa Mfano wa Kasulu na Kibondo



Mada niliyoichagua leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Katika mihadhara ya taaluma za Kiswahili tumezoea kusikia habari za ushairi, riwaya, lahaja na mofolojia. Mimi nitazungumzia sehemu ya kompyuta ambayo mtumiaji wa kawaida haioni kamwe, yaani namna programu moja inavyogawanywa katika mikondo kadhaa ya kazi inayopokezana zamu, na namna mashine inavyotafuta msaada pale mkondo mmojawapo unapokumbana na jambo lisilotarajiwa. Mambo haya mawili, kila moja kwa upande wake, hayana ugumu mkubwa. Yanapokutana ndipo huzaa tatizo ambalo limewasumbua waandishi wa programu kwa miaka mingi. Nitajaribu kuonyesha kwamba tatizo hilo linaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupungukiwa na chochote, lakini kwa sharti moja: mwenye kuunda istilahi aanze kwa kukifahamu kitendo, ndipo alitafute neno.

Kazi ya kuipatia kompyuta maneno ya Kiswahili si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye sura ya Kiswahili. Kazi hiyo ilistahili sifa, nayo ilithibitisha kwamba lugha yetu haikwami mbele ya kioo cha kompyuta. Hata hivyo, maneno yaliyohitajika pale yalikuwa ya usoni: faili, hariri, hifadhi, na mengine ambayo macho ya mtumiaji hukutana nayo. Tabaka la chini, wanakofanyia kazi waandishi wa mifumo endeshi, liliachwa katika Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kiingereza, anafika chuoni akiwa na maneno mengi ya kompyuta mdomoni huku picha ya kinachotendeka ikiwa hafifu akilini. Anajua kusema kwamba programu imekufa. Hawezi kusema imekufa kwa nini.

Mifano yangu nitaitoa Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Ndiko nilikokulia, kwa hiyo mnisamehe upendeleo. Lakini ipo sababu nyingine, nayo itajidhihirisha tutakapofika kwenye suala la mipaka.

Karani mmoja, majalada mawili

Natuchukulie kwamba katika mji wa Kigoma yupo karani anayeshughulikia takwimu za mauzo ya maharage kutoka Kasulu na Kibondo. Ana meza moja, kalamu moja na majalada mawili. Anafungua jalada la Kasulu, anahesabu magunia, anafika mahali panapohitaji jibu kutoka kijijini. Badala ya kukaa bure, anaweka kipande cha karatasi mahali alipoishia, analifunga jalada hilo na kulifungua la Kibondo. Huko nako akikwama, anarudi Kasulu na kuendelea pale pale penye alama.

Karani huyo ndiye kile ambacho Kiingereza hukiita thread, nasi tumezoea kukiita uzi. Kila jalada, pamoja na karatasi zake zilizopangwa moja juu ya nyingine na alama ya mahali kazi ilipoishia, ndilo linaloitwa fiber, ambalo mimi naliita ufumwele, wingi fumwele. Zile karatasi zilizopangwa ni rundo. Kila kazi inapozaa kazi ndogo ndani yake, karatasi mpya huwekwa juu; kazi ndogo ikiisha, karatasi yake huondolewa na ile ya chini huendelea. Hivyo ndivyo kompyuta inavyokumbuka nani alimwita nani.

Tofauti kati ya uzi na ufumwele imo katika swali moja tu: nani anayepiga kengele ya kubadilisha zamu? Makarani wawili wakiwa chini ya msimamizi mmoja, msimamizi anaweza kumsimamisha mmoja wakati wowote, hata katikati ya neno, na kumpa mwenzake meza. Hizo ni nyuzi, na msimamizi ni mfumo endeshi. Lakini karani wetu hubadilisha jalada kwa hiari yake, mahali anapopachagua mwenyewe, bila msimamizi kuarifiwa. Msimamizi anajua kwamba yupo karani mmoja anayefanya kazi; kwamba karani huyo ana majalada mawili, au mia mbili, hana habari. Urahisi wa fumwele unatoka hapo, na taabu yake inatoka hapo hapo.

Neno lenyewe linahitaji tahadhari. Wale waliowahi kuona kamba ikisokotwa kwa magome ya miti ya miombo wanafahamu kwamba fumwele husokotwa pamoja zikawa kamba, na kwamba uzito hubebwa na zote kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayeiamini picha hiyo hadi mwisho atapotea, kwa sababu ndani ya mashine ufumwele mmoja tu ndio ubebao uzito kwa wakati wowote, na zilizobaki zimelala. Nimelikubali neno ufumwele kwa kuwa linatunza uhusiano wa udogo na ukubwa, uzi mmoja ukiwa na fumwele nyingi, lakini mwalimu asiache kusema habari ya zamu siku ile ile anapolifundisha.

Kighairi si kosa

Sasa turudi mezani. Karani anatafuta bei ya kilo moja kwa kugawa malipo kwa uzito. Katika jalada la Kasulu anakuta gunia ambalo uzito wake umeandikwa sifuri. Hawezi kugawa kwa sifuri, wala utaratibu wake wa kawaida haukumwambia afanye nini. Anasimama. Jambo hili ndilo Kiingereza hukiita exception.

Wengi wetu tungetafsiri haraka haraka kosa au hitilafu. Sikubaliani nao, na sababu yangu haitokani na kamusi bali na mashine. Katika mifumo ya Windows, kwa mfano, rundo la uzi haliandaliwi lote tangu mwanzo. Chini ya sehemu inayotumika huwekwa ukurasa wa kumbukumbu wenye ulinzi. Programu inapoendelea kujenga rundo lake na kuugusa ukurasa huo, mashine husimama, mfumo endeshi huitwa, ukurasa huruhusiwa, mlinzi husogezwa mbele, kisha programu huendelea kana kwamba hakikutokea kitu. Ni tukio la namna ile ile ya kusimama na kuita, lakini hakuna aliyekosea wala kitu kilichoharibika. Ndiyo maana napendekeza kighairi, kutokana na kitenzi ghairi: jambo lililoenda kinyume cha mwendo uliotazamiwa, liwe baya au lisiwe baya. Kosa ni aina moja tu ya kighairi.

Kighairi kikitokea, ni nani wa kukipokea? Hapa ndipo nyanda za juu zinaponisaidia. Shauri likitokea kitongojini, haliendi wilayani moja kwa moja. Huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akiliweza, limekwisha. Asipoliweza, hulipeleka kijijini, kutoka hapo kwenye kata, na hatimaye wilayani. Mashine nayo hufanya vivyo hivyo. Kila rutini, yaani kijisehemu cha programu kinachoitwa kufanya kazi moja na kurejesha jibu, inaweza kusimika kipokezi. Kighairi hupelekwa kwanza kwenye kipokezi kilichosimikwa mwisho, ambacho ndicho cha karibu. Kipokezi cha Windows kina majibu matatu: nimekipokea, sikiwezi, mpelekeeni wa juu yangu, au, nimekwisha kurekebisha, rudini pale mliposimama muendelee.

Safari hiyo ina awamu mbili, na wanafunzi wengi hawazitenganishi. Awamu ya kwanza ni ya kuuliza tu: vipokezi vinapitiwa kimoja kimoja hadi apatikane anayekubali, na hakuna karatasi inayoguswa. Awamu ya pili ndiyo ya kuondoa karatasi zote zilizo juu ya aliyekubali, kila moja ikipewa nafasi ya kusafisha vitu vyake: kufunga faili iliyofunguliwa, kurudisha kumbukumbu iliyoazimwa. Kwa awamu hii ya pili Kiswahili kina hazina yake. Kauli ya kutendua hutupa funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua, fuma na fumua. Kufumua rundo ndiko hasa kinachofanyika: kila kilichofumwa wakati wa kuita hutenduliwa kwa mpangilio wa kurudi nyuma, cha mwisho kikiwa cha kwanza. Sihitaji kueleza zaidi. Mofimu ile moja imekwisha kueleza.

Ubao uliosahauliwa

Sasa tuvikutanishe viwili hivyo. Katika Windows ya prosesa za biti 32, mashine ilijuaje kipokezi cha karibu ni kipi? Kando ya meza ya karani upo ubao mdogo. Juu yake limeandikwa jina moja tu, la mpokeaji wa karibu. Mpokeaji huyo naye ana karatasi inayotaja jina la aliye juu yake, na hivyo hivyo hadi wa mwisho, ambaye badala ya jina ameandikiwa alama ya kuonyesha kwamba mnyororo umekoma. Ubao huo ni neno la kwanza katika sehemu ya kumbukumbu inayoelekezwa na rejesta iitwayo FS, nayo ni moja kwa kila uzi. Karatasi za wapokeaji, kinyume chake, zimo ndani ya rundo lenyewe, miongoni mwa karatasi za kazi.

Angalieni kwa makini kilichosemwa. Ubao ni wa karani. Mnyororo ni wa jalada. Maadamu karani alikuwa na jalada moja maisha yake yote, tofauti hiyo haikuwa na madhara. Akiwa na majalada mawili, ina madhara.

Tuseme karani amehama kutoka Kibondo kwenda Kasulu, akabadilisha jalada na alama, lakini akasahau kuufuta ubao. Sasa anafanya kazi ya Kasulu huku ubao ukitaja kipokezi cha Kibondo. Kazi inakwenda vizuri, siku, wiki, mwezi, kwa sababu ubao hautazamwi mpaka kitokee kighairi. Halafu linakuja lile gunia la uzito sifuri.

Kitakachofuata kinategemea jambo la tatu, ambalo ni mipaka. Karibu na ubao mashine huandika pia mahali rundo linapoanzia na linapoishia. Kabla ya kumwita mpokeaji yeyote, mfumo endeshi huhakikisha kwamba karatasi yake imo ndani ya mipaka hiyo. Ikiwa mwandishi wa programu alibadilisha mipaka ikawa ya Kasulu lakini akauacha ubao wa Kibondo, mpokeaji ataonekana yuko nje ya eneo. Hataitwa yeye wala mwingine yeyote, na programu nzima itafungwa. Ikiwa alibadilisha ubao lakini akaiacha mipaka ya Kibondo, mpokeaji halali wa Kasulu atakataliwa kama mgeni, na mwisho utakuwa ule ule. Ikiwa alivisahau vyote viwili, hali ni mbaya kuliko zote, ingawa kwa nje inaonekana nafuu. Ubao na mipaka vinaafikiana, ukaguzi unapita, na kipokezi cha Kibondo kinaweza kuitwa kuamua shauri la Kasulu. Kikikubali, rundo linalofumuliwa ni la Kibondo. Karani anajikuta katikati ya karatasi za Kibondo, mahali ambapo hakupaendea kwa hiari yake, na jalada la Kasulu limebaki wazi bila mwenyewe. Hakuna ujumbe wa tahadhari. Takwimu zitaendelea kutoka, nazo zitakuwa za uongo. Mimi ningechagua programu iliyokufa mara kumi kuliko hiyo.

Haki itendeke: mwenye kutumia huduma rasmi ya Windows iitwayo SwitchToFiber, iliyopatikana tangu katikati ya miaka ya 1990, hafikwi na balaa hili, kwani huduma hiyo hubadilisha rejesta, ubao na mipaka kwa pamoja. Wanaoumia ni wale wanaojiandikia wenyewe ubadilishaji kwa lugha ya asembli, kwa kuwa wanataka kasi, au kwa kuwa wanaihamisha lugha ya programu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Hao huhifadhi rejesta zinazotajwa katika vitabu vya prosesa. Ubao haumo katika vitabu hivyo, kwa sababu si wa prosesa. Ni mapatano kati ya mfumo endeshi na kompaila.

Ramani badala ya ubao

Prosesa za biti 64 zilipoenea, kuanzia mwaka 2003, utaratibu ulibadilishwa. Ubao uliondolewa. Badala yake kompaila huandika jedwali, kama ramani ya mipaka, linaloonyesha kwamba anwani kutoka hapa hadi pale ni za rutini fulani, rutini hiyo hupanga karatasi zake hivi, na kipokezi chake ni hiki. Kighairi kinapotokea, mashine hutazama mahali kilipotokea, huitafuta sehemu hiyo katika ramani, hujua namna ya kufumua hatua moja, hufika kwa aliyeita, huitazama ramani tena. Hakuna cha kusahau ubaoni. Mipaka ya rundo bado hutunzwa na bado lazima ibadilishwe pamoja na ufumwele, lakini hatari kubwa imepungua.

Imepungua, haikuisha. Mwaka 2012 wilaya ya Buhigwe ilizaliwa kutokana na Kasulu, na ya Kakonko kutokana na Kibondo. Mtu mwenye ramani ya kabla ya mwaka huo, akiulizwa shauri la Kakonko liende wapi, angejibu bila kusita: Kibondo. Jibu lake lingekuwa na uhakika wote, nalo lingekuwa limepitwa na wakati. Mashine nayo hupatwa na hali iliyo karibu na hiyo pale programu inapojiandikia amri mpya wakati inaendelea kufanya kazi, kama zifanyavyo lugha nyingi za siku hizi. Amri hizo mpya hazimo katika ramani ya kompaila. Zisipoandikishwa kwa mfumo endeshi, mashine haisemi kwamba haijui. Hudhania kwamba imekutana na rutini ndogo isiyopanga karatasi yoyote, huchukua neno lililo juu ya rundo kuwa ndiyo anwani ya kurudia, na kuendelea kufumua kwa kufuata dhana hiyo. Vivyo hivyo hutokea kwenye rutini fupi ya asembli inayobadilisha fumwele, kama mwandishi wake hakuieleza katika ramani.

Nigusie pia mifumo ya Linux. Huko nako ramani hutumika, lakini lugha ya C++ huweka kwa kila uzi kumbukumbu ya vighairi vilivyokwisha kupokelewa ambavyo bado vinashughulikiwa, pamoja na hesabu ya vile ambavyo bado viko njiani. Karani akihama jalada akiwa katikati ya kushughulikia kighairi cha Kasulu, kumbukumbu hiyo humfuata Kibondo, na huko yeye ataamini kuna shauri mkononi ambalo kwa kweli si la huko. Kwa hiyo nayo ihifadhiwe na kurudishwa pamoja na ufumwele, au, kwa wenye tahadhari zaidi kama mimi, pasibadilishwe zamu kabisa ndani ya kipokezi. Aidha, kila ufumwele uwe na kipokezi cha mwisho katika rutini yake ya kwanza kabisa, kwa maana chini ya rundo hilo hakuna aliyeita. Kighairi kikivuka hapo hakina pa kwenda.

Kuhusu majina yaliyobaki

Nimetumia kipokezi, nami najua kwamba wanabiolojia wanalitumia neno hilo kwa maana yao. Sioni ubaya wake, kwani anayesoma habari za mishipa ya fahamu hatachanganyikiwa na anayesoma habari za rundo. Waliopendekeza neno lenye mzizi wa shughulika wana hoja, ila tatizo langu ni kwamba kipokezi mara nyingi hakishughuliki na kitu: hupelekewa, hutazama, hukataa. Kupelekewa ndiyo tabia yake ya kudumu.

Rundo silitetei kwa nguvu. Lina kasoro ya kuashiria vitu vilivyotupwa bila mpangilio, ilhali mpangilio ndio kila kitu hapa. Bunda lina mpangilio, lakini limefungwa, na rundo letu hukua na kupungua. Mwenye neno bora alilete.

Ama ufumwele, nina habari inayohusiana nao. Waundaji wa lugha ya Java, walipoanza kutengeneza mikondo myepesi ya aina hii, waliiita kwanza kwa jina la fumwele. Baadaye waliliacha jina hilo, na ilipotoka rasmi katika toleo la 21 mwaka 2023 ilikuwa imerudishiwa jina la uzi, pamoja na sifa ya kuonyesha kwamba si nyuzi za mfumo endeshi. Ukiuliza swali letu la kengele utaona wana haki. Pale anayepanga zamu si rutini yenyewe bali ni msimamizi aliyejengwa ndani ya Java, naye ndiye hubeba rundo, na kighairi humkuta kila mmoja nyumbani kwake. Kwa hiyo na sisi tuziite nyuzi. Tungekuwa tumetafsiri neno kwa neno, tungelazimika kubadilisha kamusi yetu kila walipobadilisha mawazo yao. Kwa kigezo cha kengele, jalada la karani wa Kigoma linabaki ufumwele, na mkondo wa Java ni uzi tangu siku ulipotungwa, hata pale wenyewe walipokuwa bado wakiuita vingine.